Hiace ya kulala safarini: anza na kutu

Ndugu, unauliza kama Hiace iliyopiga daladala inafaa kuwekewa kitanda na jiko la safari. Inafaa, ila usibabaishwe na rangi mpya. Yangu niliinunua inang'aa. Nilipofunua kapeti, sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, na kuchomelea kukala hela yote ya kitanda. Kwa hiyo funua kapeti, ingia uvunguni, gongagonga chasisi kwa bisibisi. Nenda asubuhi injini ikiwa ya baridi: moshi wa bluu ni oili inaungua, oili yenye rangi ya maziwa, ondoka. Namba ya chasisi ilingane na ya kwenye kadi ya gari. Breki na stelingi mwachie fundi, lakini fundi wako, si wa muuzaji.