Baba hupepesuka anapoosha uso: je, miguu imedhoofika?

SWALI: Baba yangu ana kisukari cha miaka mingi, na tunaishi Mji wa Kale, Mombasa. Mchana hutembea vizuri, ingawa hutanua miguu na kutazama chini. Stima zikipotea usiku hupapasa ukuta, na anapofumba macho kuosha uso wakati wa kutawadha hupepesuka. Daktari wa macho hakuona kasoro. Je, miguu yake imedhoofika?

JIBU: Kwa maelezo yako, dada, ninachoshuku kwanza si nguvu za miguu bali hisia za nyayo. Ili tusimame wima, ubongo hutegemea habari kutoka machoni, kwenye sikio la ndani na miguuni, ambako ngozi ya wayo, misuli na viungo hueleza uzito umeegemea kisigino au vidole na kama sakafu inateleza. Kisukari huanza kuharibu ncha za neva (mishipa ya fahamu) zilizo ndefu zaidi, ndiyo maana ganzi hutangulia vidoleni. Habari hizo zikipungua, mtu hupunguza mwendo, hufupisha hatua, hutanua miguu, na hukawia kuinua mguu mmoja mpaka awe na hakika kwamba ule mwingine umekita. Macho ndiyo huziba pengo. Giza linapoingia, au anapofumba macho, pengo hilo hubaki wazi, naye huyumba.

Mpeleke apimwe. Mtaalamu wa fiziotherapia atamgusa nyayo kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa nguvu ya gramu 10, huku baba amefumba macho aseme anapohisi. Ikiwa ametumia metformin, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu, mwulizeni daktari kuhusu kipimo cha vitamini B12, kwani upungufu wake nao huleta ganzi.

Kuhusu viatu pana mvutano. Soli nene ya sponji hulinda ngozi isichubuke, lakini ikiwa laini mno huongeza kuyumba. Kwa mguu usio na kidonda mimi huchagua kiatu kilichofungwa nyuma, chenye soli imara na bitana laini. Ndara zinaweza kumvuka asijue. Pekupeku asitembee hata ndani ya nyumba, na uani mwa msikiti adhuhuri sakafu inaweza kumuunguza bila yeye kuhisi.

Atawadhe ameketi, na njia ya msalani iwekwe taa ya betri. Akiosha miguu mkague nyayo na katikati ya vidole. Mkiona kidonda au lengelenge, hata lisilouma, apelekwe kliniki siku hiyo hiyo.