Usimwage hiyo lami. Toa maji kwanza!

Mkuu, usisaini huo mkataba. Umesema lami ya eneo la breki kabla ya kona ya nne imepasuka kwa baridi, siku ya kufungua uwanja wako wa mbio za pikipiki inakaribia, na mkandarasi anakupa punguzo ukimruhusu amwage tabaka jipya sasa hivi "mvua ikipumzika kidogo." Halafu umeuliza na mambo ya rangi za kingo, mito ya hewa ya kuwakinga wanaoanguka, chumvi na mashine ya kupulizia majani. Hayo yanasubiri. Hili la lami halisubiri, maana najua linakokwenda, na nimesoma ujumbe wako mara mbili nikihisi damu inachemka.

Maneno hayo hayo tuliambiwa sisi kwenye uwanja wetu. Msimu wa baridi mtambo wa lami hukaa bila kazi, wafanyakazi wanataka mishahara, na mteja mwenye haraka ni riziki. Punguzo linatoka hapo, halitoki kwenye upendo wa michezo. Mkandarasi wetu alisema lami ya siku hizi ina viambato vya kuiwezesha kumwagwa kwenye baridi, kwamba sehemu ya chini ataikausha kwa moto wa gesi, na kwamba amefanya barabara nyingi hivyo. Viambato hivyo vipo kweli, na vinakuongezea muda wa kushindilia. Ila havikaushi kilicho chini. Na barabara ya magari si eneo la breki la pikipiki za mbio.

Lami ya moto hutoka mtamboni ikiwa na nyuzi 140 hadi 160 hivi. Rola inafanya kazi ya maana mpaka joto lishuke kukaribia nyuzi 80. Chini ya hapo kokoto hazijipangi tena, unaisugua tu sura ya juu ing'ae huku ndani matundu ya hewa yamebaki, na matundu hayo ndiyo nyumba ya maji. Sasa mwaga tabaka la sentimita nne juu ya ardhi iliyokaribia kuganda, na upepo unavuma. Muda wako ni dakika chache. Siku ile kwetu malori yalikuja kwa kuachana, lami ikawa inasubiri kwenye mashine, na kwenye kiungio cha katikati vijana wakawa wanaisambaza kwa reki za mkono wakati tayari imeanza kuwa mabonge. Kwa macho ilipendeza sana. Lami mpya hupendeza siku zote, hata ile mbovu.

Kibaya zaidi kilikuwa chini yake. Kabla ya kumwaga tabaka jipya hupuliziwa lami ya majimaji ili la zamani na jipya vishikane. Ikipuliziwa inakuwa ya kahawia. Maji yakishaondoka inageuka nyeusi, na hapo ndipo unaruhusiwa kumwaga. Kwenye baridi yenye unyevu inakataa kugeuka. Ya kwetu ilikuwa kahawia, kijana mmoja wa kikosi changu akasema mbele ya watu wote, akajibiwa kwamba joto la lami litamalizia. Halimalizii kitu! Tabaka linakaa juu ya maji kama plasta kwenye ngozi yenye jasho. Na ule moto wa gesi unakausha ngozi ya juu tu. Nyufa za zamani zimejaa maji hadi chini, na ukigeuza mgongo unyevu unapanda tena.

Kisha baridi ikarudi. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na hayaombi ruhusa. Usiku yanaganda na kusukuma, mchana yanayeyuka na kuingia ndani zaidi, usiku yanasukuma tena. Kwa juu hatukuona chochote. Tulipita na nyundo tukigongagonga, sehemu nyingine zikatoa sauti ya uwazi, tukaambiwa tuna wasiwasi mwingi.

Siku ya kwanza ya kufungua uwanja, asubuhi kavu, ndipo tatizo lilipotoka. Pikipiki ya mbio ikibanwa breki kwa nguvu, karibu uzito wote unahamia gurudumu la mbele, na sehemu ya tairi inayogusa ardhi haizidi kiganja cha mkono. Nguvu yote hiyo inalisukuma tabaka la juu kwenda mbele. Kama halijashikana na la chini, linateleza, linapasuka, linabanduka. Kwetu lilibanduka kipande kwenye mstari ambao kila mwendeshaji anaupita. Aliyekikuta alivunjika mtulinga. Aliyemfuata alipita pembeni kwa bahati tu. Bendera nyekundu, uwanja ukafungwa, watu waliosafiri na trela zao wakarudi walikotoka.

Tulipokwangua tabaka lile lote, ilionekana sababu ya nyufa za mwanzo, zile zilizotufanya tumwite mkandarasi. Bomba la kutolea maji lililozikwa kando ya kona lilikuwa limeziba kwa tope na mizizi. Maji ya mteremko wa nyasi yalikuwa yanapita chini ya lami yakitafuta njia. Hata angemwaga kwenye jua kali, lami ile ingepasuka tena. Tulilipia lami ya baridi, tukalipia kuikwangua, tukalipia lami nyingine kwenye joto, na katikati yake ndiyo tukalipia kuzibua bomba, kazi ambayo ilikuwa nafuu kuliko zote na ingetangulia zote.

Na mkandarasi? Alitoa karatasi. Kwenye kurasa za nyuma kulikuwa na sentensi moja: mteja amearifiwa kuhusu hali ya hewa na anakubali kazi ifanyike kwa dhamana yake. Uongozi ulisaini. Mtu aliyekaa mezani kwetu akinywa chai yetu na kusema "hamna shida, nimeshafanya hii," alikuwa tayari ameandika kwamba shida ikija ni yetu. Hilo bado linaniuma. Kutokujua ningeweza kusamehe. Yeye alijua, ndiyo maana sentensi ile ilikuwepo. Kwa hiyo nenda sasa hivi kaitafute kwenye mkataba wako. Ukiikuta, una jibu lako. Usipoikuta, mwambie aandike dhamana ya kushikana kwa matabaka kwa lami iliyomwagwa kwenye baridi, uone atakavyoanza kukohoa.

Kanuni yangu ni moja, na kwenye uwanja wetu imeandikwa kwenye ubao wa karakana: msimu wa baridi ni wa kutoa maji. Kitu chochote kinachotakiwa kushika juu ya ardhi, iwe lami, rangi au zege la kuwekea nguzo, kinasubiri pakavu na pawe na joto. Siku ya kufungua ikifika kabla ya joto, siku ya kufungua inasogezwa.

Mvua hii unayoilalamikia itumie. Toka nje inaponyesha, vaa mabuti, tembea mzunguko mzima. Kwenye ukavu huwezi kujua maji yanasimama wapi. Weka koni au bendera ndogo kila dimbwi, piga picha, halafu rudi mvua ikikatika uone sehemu gani zinabaki nyeusi wakati kwingine kumeshakauka. Sehemu inayochelewa kukauka bila dimbwi juu yake, hapo maji yanatoka chini. Naweza kukuwekea dau kwamba kona yako ya nne ni mojawapo.

Angalia ukingo wa nyasi. Miaka inavyopita, tope, majani na mizizi hujenga tuta dogo kando ya lami, nyasi zinakuwa juu kuliko barabara, na maji yaliyotakiwa kumwagika pembeni yanarudi katikati. Viwanja vingi vinalaumu mteremko wa lami wakati kosa ni hilo tuta. Kwangua nyasi zishuke chini ya usawa wa lami. Lakini usipeleke mashine nzito kwenye ardhi iliyolowa, utakata mifereji mipya kwa magurudumu na kuvunja ukingo wa lami. Subiri alfajiri ardhi ikiwa imeganda, inabeba mzigo vizuri, fanya kazi, toka kabla haijayeyuka. Hiyo ndiyo faida pekee ya baridi kali.

Fungua mashimo yote ya kukusanyia maji, toa tope hadi chini, kisha pitisha maji ya shinikizo kwenye mabomba na uende mwisho wa bomba uone yanatoka. Wengi husafisha mdomo wa mfereji na kuondoka. Yakiingia hayatoki, kodi kamera ya mabomba. Punguzo la mkandarasi halifiki thamani ya utakachokiona humo.

Wakubwa pia wanakumbwa na maji. Silverstone, uwanja mkubwa wa mbio kule Uingereza, iliwekewa lami mpya mwanzoni mwa 2018. Agosti mwaka huo huo, kwenye MotoGP, mashindano ya dunia ya pikipiki, Jumamosi ya mazoezi, maji yalisimama barabarani na waendeshaji wakaanza kuteleza mmoja baada ya mwingine. Mwendeshaji Tito Rabat alianguka, akiwa bado kwenye kokoto za pembeni pikipiki ya mwenzake ikamgonga na kumvunja mguu vibaya. Jumapili tarehe 26 mbio zote zikafutwa, mashabiki wamekaa kwenye mvua siku nzima. Lami ikaja kuwekwa upya 2019 kabla MotoGP haijarudi. Uwanja wenye bajeti ile, wenye wahandisi wale. Sisi wa viwanja vidogo tunapata wapi ubavu wa kudharau maji?

Nyufa zako kwa sasa: zile zilizo nje ya mstari wa mbio, siku kavu ikipatikana, pulizia hewa ya moto hadi ndani kukauke kweli, jaza lami ya kuzibia, na iishie usawa wa barabara. Usiruhusu wapake ule mkanda mweusi mpana juu ya ufa kama wanavyofanya barabarani. Pikipiki ikiwa imelala kwenye kona, mkanda ule ukilowa ni sabuni. Zilizo kwenye mstari wenyewe usizichezee na viraka vya baridi vya kwenye ndoo. Vinang'oka na kokoto zake zinasambaa pale pale unapotaka tairi lishike. Kama hali ni mbaya, fungua msimu kwa mzunguko mfupi unaoikwepa kona hiyo, kama uwanja wako unao, au chelewa.

Chumvi weka njia ya wafanyakazi na sehemu ya kuegesha. Kwenye lami ya mbio usiweke, inabaki kwenye matundu, inavuta unyevu, na inakula alumini za pikipiki za watu. Na mkandarasi akikwambia umwage chumvi usiku wa kuamkia kazi yake ili pasigande, mfukuze.

Mito ya hewa na ile mashine ya majani nitarudi kukujibu, sasa natoka, mvua imeanza na nina mabomba ya kuangalia. Wewe mpigie mkandarasi leo umwambie unasubiri joto. Kisha kesho, ikinyesha, tuwekee hapa picha za kona ya nne zikionyesha upande wa mteremko na mdomo wa bomba, usitume picha za ufa tu.