Maswali Yenu: Meja Charity Adams na Barua Zilizokwama Birmingham

Nasikia Charity Adams aliongoza wanajeshi wanawake wa Marekani huko Ulaya mwaka 1945, na kazi yao ilikuwa kupanga barua. Kuna ugumu gani hapo? Si kusoma anwani tu? (Msomaji, Morogoro)

Ingekuwa hivyo kama anwani zenyewe zingekuwa sahihi. Batalioni ya 6888, kikosi alichoongoza Adams, wanawake takriban 855, karibu wote Wamarekani weusi, ilifika Birmingham, Uingereza, Februari 1945 na kukuta magunia ya barua na vifurushi yamerundikana tangu mwaka uliotangulia. Askari walikuwa wakihamahama na mapigano, barua zikibaki nyuma. Nyingine hazikuwa na anwani ya maana: ziliandikwa jina la nyumbani tu, "Junior", na chini yake Jeshi la Marekani, basi.

Kilichowaokoa ni kadi. Walitunza kadi kama milioni 7, kila mhusika na yake, zenye jina, namba ya jeshi na kikosi alichopo. Chukua barua ya Robert Smith: akina Robert Smith walizidi 7,500, kwa hiyo jina pekee halikufikishi popote. Unatafuta namba, unailinganisha na kadi, ndipo unaandika kikosi kipya juu ya bahasha. Kadi isiposahihishwa mtu anapohama, barua itamfuata kambini alikokwisha kuondoka, irudi, ianze safari upya. Ndiyo maana aliyesahihisha kadi alikuwa na kazi nzito sawa na aliyeshika barua. Za waliouawa zilirudishwa kwa waliozituma.

Vifurushi vilikuwa na balaa lake. Keki na vyakula vingine vilikuwa vimeoza, panya wametoboa maboksi, na kilichosalia kilipaswa kufungwa upya.

Adams aligawa kazi kwa zamu 3 za saa 8, usiku na mchana, siku zote 7 za wiki. Zamu moja ilipitisha takriban barua na vifurushi 65,000. Madirisha yalizibwa ili mwanga usionekane na ndege za adui, na ndani hakukuwa na joto, hivyo walifanya kazi wakiwa wamevaa makoti. Walipewa miezi 6. Walimaliza kwa 3. Mimi hilo nalihesabu kuwa ni uongozi wa vita kamili, maana askari asiyepata habari za kwao huvunjika moyo.

Ni kweli alimkatalia jenerali? (Msomaji, Mombasa)

Kweli. Jenerali alikuja kukagua gwaride akaona askari wachache. Wengine walikuwa kazini, wa zamu ya usiku wamelala. Ukiwapanga wote uwanjani, barua zinasimama. Akatishia kumleta luteni mzungu amfundishe kuongoza. Adams, aliyekuwa meja, cheo cha juu kuliko luteni, akamjibu: "Labda nife mimi kwanza." Jenerali akaanza kuandaa mashtaka ya kijeshi. Adams naye akaandaa yake, akitumia agizo la makao makuu lililokataza lugha ya ubaguzi. Mwishowe mashtaka yote yakaachwa.

Baada ya Birmingham walikwenda wapi? (Msomaji, Kigoma)

Rouen, Ufaransa, kwenye mrundikano mwingine wa barua, kisha Paris. Wakiwa Rouen, Julai 1945, wenzao 3 walifariki kwa ajali ya gari. Wamezikwa Colleville-sur-Mer, kwenye makaburi ya wanajeshi wa Marekani, Normandy. Desemba mwaka huohuo Adams alipandishwa cheo kuwa luteni kanali.