Maswali ya Wasomaji: Kuchorachora na Kushona Mfarishi

SWALI: Ndugu Mhariri, nashona mifarishi ya viraka kwa kujifurahisha, lakini kila nikimaliza kuunganisha viraka hukwama, nisijue nipitishe mishono ya namna gani juu yake. Rafiki yangu amenishauri niwe nachorachora daftarini kila siku ili nipate mawazo. Mimi si mchoraji, na naona ni kupoteza muda. Je, ana haki?

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako amekushauri vyema, ingawa huenda sababu siyo ile unayoidhania. Kuchorachora hakutakufanya mchoraji. Kutauzoesha mkono wako njia ambayo baadaye utaipita kwa uzi. Mfarishi ni matabaka matatu, yaani viraka juu, pamba katikati na bitana chini, na mishono inayokuhangaisha ndiyo inayoyashikanisha. Unaposhona kwa cherehani huku meno yake yameshushwa, mashine haikivuti tena kitambaa, bali unakisogeza mwenyewe kwa mikono miwili chini ya sindano. Kila unapoukata mstari, zinabaki ncha za uzi za kufunga na kuficha. Basi chora kwa sharti hilohilo: ukishaweka kalamu kwenye karatasi, usiinyanyue hadi ukurasa ujae.

Anza na mstari unaojipindapinda bila kujikata. Muda si mrefu utajikuta umejifungia konani, na nafasi tupu imebaki upande wa pili. Hapo ndipo penye faida, kwa kuwa utalazimika kubuni njia ya kutokea: kurudi juu ya mstari uleule, kuigeuza kona kuwa jani, au kuzungusha mstari kama gamba la konokono. Huyo konokono ana hila zake, kwani asiyeacha upenyo wa kurudia kati ya mizunguko hunasa katikati, na ni afadhali kunasa kwa kalamu kuliko kwa uzi.

Maumbo yamekuzunguka: nondo za dirisha, mishipa ya jani, ufa wa ukuta. Usivinakili vyote, chukua umbo moja ulirudierudie mpaka libadilike lenyewe. Kisha tandika karatasi ya plastiki inayoonyesha juu ya viraka vyako, uchore juu yake kwa kalamu ya wino, baada ya kuzibandika kingo zake utepe wa rangi ili kalamu isiteleze ikachafua kitambaa. Utaona mara moja kama umbo limebanana mno, maana mishono iliyosongamana huufanya mfarishi uwe mgumu.

Kuhusu kupoteza muda, katika utafiti wa Jackie Andrade wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2009, watu 40 walisikiliza ujumbe wa simu unaochosha, na nusu yao walikuwa wakijaza maumbo kwa penseli. Hao waliojaza walikumbuka mambo kwa asilimia 29 zaidi ya wenzao. Utafiti huo ulipima kumbukumbu, si ubunifu, kwa hiyo tusiubebeshe zaidi ya uwezo wake. Hata hivyo unatosha kumjibu anayedhani kwamba kila achorachoraye hasikilizi.

SWALI: Je, ni lazima ninunue vitambaa vipya vinavyooana rangi?

JIBU: Hapana. Wanawake wa Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, Marekani, walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, na kazi zao zikaonyeshwa katika jumba la makumbusho la Whitney, New York, kuanzia mwaka 2002. Katika baadhi yake huonekana alama ya rangi iliyokoza pale mfuko wa suruali ulipobanduliwa, na alama hiyo imeachwa iwe sehemu ya pambo. Ukichanganya vipya na vya zamani, vifue vipya kabla ya kuvikata, kwani vya zamani vimekwisha kunywea na vipya bado.