Muulize Bi Sindano: Misalaba Inayopinda

SWALI: Assalamu alaykum, Bi Sindano. Kushona kofia nilifundishwa na mjomba, na mkono wangu si haba. Sasa nadarizi misalaba, ile mishono miwili inayokatizana, kwenye vitambaa vya bafta vya kufunikia mikate na chapati, lakini mistari inapinda na kitambaa kinajikunja. Nilipofua, uzi mwekundu ukachuja. Tatizo ni nini? Tena nataka kuandika KARIBU MGENI ukingoni. Itachukua nafasi gani?
Msomaji, Malindi

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Mkono wako hauna kasoro, ila umezoea kazi nyingine. Mshona kofia hutoboa kitambaa akavuta uzi kwa nguvu ili kitundu kibaki wazi. Huku Lamu wako wanaoifanya kazi hiyo barazani mchana kutwa. Kwenye msalaba, mvuto huo ndio unaokunja nguo. Uzi ulale tu juu ya kitambaa, usikazwe.

Kupinda nako kumetokana na bafta. Misalaba hii hupangwa kwa kuhesabu nyuzi za kitambaa, na bafta imefumwa karibu karibu mno, jicho haliwezi kufuata nyuzi zake. Ndiyo maana watu hutumia aida, kitambaa chenye vitundu vilivyopangwa sawa; ya kawaida ina 14 kwa inchi. Kwa jikoni lakini siipendi nzima nzima: ni ngumu. Kata ukanda wake, uudarizi, kisha uushone kwenye upindo wa bafta. Ukiikosa, nunua pamba ya drafti yenye miraba midogo, kila mraba uupe msalaba mmoja. Drafti ya buluu kwa uzi mweupe, mimi naiona inapendeza kuliko maua yote ya dukani.

Uzi wa kudarizi huja na nyuzi 6 zilizolazwa pamoja. Kwa aida ya 14 chomoa mbili. Sindano iwe butu, nambari 24. Ile kali ya kofia itapasua nyuzi za kitambaa. Anza na mishazari, chini kushoto kwenda juu kulia, mstari mzima, ndipo urudi ukiikatiza. Uzi wa juu uelekee upande mmoja kote. Ukigeuza msalaba mmoja tu, mwanga utauonyesha. Na fundo usifunge: acha mkia wa inchi moja nyuma, ushikilie kwa kidole, mishono ya kwanza iupitie juu na kuubana. Kitambaa cha mkate hufunuliwa mbele za watu, na wageni wengine macho yao huenda mgongoni mwake kwanza.

Hicho kilichochujiwa usikianike wala usikipige pasi. Joto hushikisha doa. Kisuuze kwa maji baridi, ndoo baada ya ndoo, mpaka maji yatoke safi. Kama kilishakauka, kiloweke ujaribu, ila sikuahidi. Siki na chumvi wanazokushauri majirani hazizuii uzi wa siku hizi kuchuja, na jiki usiisogeze kabisa. Safari ijayo, kabla ya kudarizi, lowesha kipande cha uzi mwekundu, ukibane ndani ya kitambaa cheupe. Kikiacha alama, tafuta uzi mwingine.

Haya, maandishi. Herufi kubwa za kawaida hukaa misalaba 5 kwa upana na 7 kwa urefu, na nafasi ya mmoja kati yake. KARIBU MGENI, pengo la katikati likihesabiwa kama herufi, ni 12: mara 5 ni 60, ongeza nafasi 11 za kati, misalaba 71. Gawa kwa 14, upate inchi 5 na kidogo, sentimita 13 hivi, na itapungua kwa kuwa I ni nyembamba. Pinda ukanda katikati upate kitovu, uanzie hapo kwenda pande zote mbili. Ukianzia ukingoni, kitambaa kitakuishia kwenye MGE.