Mwanangu wa miaka 3 hajakaa, nimvushe Ruvuma kwa fundi?

"Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto 2, niko Tandahimba huku vijijini. Wa pili anaitwa Zai, ana miaka 3 na miezi 2, hajakaa, shingo bado haijakaza, miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi. Nilijifungua usiku akachelewa kulia, wakamuwekea oksijeni, tukalala wodini siku 9. Hospitali waliniambia ni mtindio wa ubongo, wakanipa karatasi ya kwenda mazoezi Mtwara, nikaenda mara 2 nauli ikanishinda. Kula shida, namlaza mapajani namnywesha uji mwepesi ndo unashuka, kikohozi nacho hakimuishi. Usiku mwingine anashtuka macho yanapinda. Nikienda shamba namfungia ndani maana watu wanamsema. Mama mkwe anadai nilivunja mwiko wa unyago. Mume wangu tangu auze korosho hajarudi, nasikia yuko Masasi. Sasa shemeji anasema ng'ambo ya mto Ruvuma kuna fundi, yani mganga, anawasimamisha watoto kama hawa, anataka laki 3 na nusu na mbuzi mweusi. Shangazi, mwanangu atatembea? Niende au nimwachie Mungu? Kuna siku nachoka hadi naomba apumzike tu, alafu nalia." Mama Zai

Marahaba mwanangu. Pole, na sisemi pole ya msibani, nasema pole ya mtu aliyebeba mzigo miaka 3 mgongoni na kila anayepita anampa maoni badala ya kumpokea.

Umeniuliza kutembea, umeniuliza fundi, na hayo nitakujibu. Ila kilichonishtua mimi umekipitisha katikati ya barua haraka haraka kama vile si kitu: namlaza mapajani, uji mwepesi, kikohozi hakimuishi. Hapo ndo penyewe. Kabla ya miguu kuna koo.

Hebu weka simu pembeni ufanye hiki kitu. Inua kidevu uangalie bati, kichwa nyuma kabisa, alafu meza mate. Umeona yanavyogoma? Sasa wewe shingo yako nzima na akili yako inajua unachofanya, Zai amelazwa chali kichwa kimening'inia uji unamiminwa, koo lake lenyewe linafanya kazi kwa shida, unadhani ule uji wote unaenda tumboni? Mwingine unaingia kwenye mapafu. Ndo hicho kikohozi, na ndo hizo nimonia za watoto wetu zinazorudi kila baada ya wiki chache tunaambiwa upepo. Unavyoona "unashuka" ni kweli unashuka, shida ni unashukia wapi.

Kwahiyo jioni ya leo fanya tofauti. Kaa kwenye kigoda, mgongo wako uegemee ukuta, mkalishe Zai kwenye paja moja akitazama upande, mkono wako wa kushoto upite nyuma ya mabega yake, umkunje kiunoni na magotini yani akae kweli sio alale nusu. Akikunjwa kiunoni ule ukakamavu wa kujirusha nyuma unapungua, utashangaa. Kichwa kiinamie mbele kidogo tu, kidevu kikaribie kifua. Uji uwe mzito, ule ukiuchota unakaa kwenye kijiko hautiririki, tena mzito ni rahisi kwake kuumeza kuliko mwepesi ambao unakimbia kabla hajajipanga. Kijiko kidogo cha chai, nusu tu, kije kutoka mbele kwa chini, sio kutoka juu maana kikitoka juu atakifuata na kichwa kitarudi nyuma. Kikandamize ulimi kidogo, subiri afunge mdomo, subiri ameze, ndo ulete kingine. Itachukua nusu saa, wakati mwingine zaidi. Usimbane pua hata siku moja. Akimaliza usimlaze, akae na wewe hivo hivo kama nusu saa nyingine. Na kwenye huo uji tia vitu, karanga za kusaga, mafuta kidogo, yai, na korosho zile zilizovunjika ambazo hazina bei, zitwange mpaka ziwe unga laini kabisa kusiwe na punje ya kumkwama. Mtoto anayekula kidogo kidogo lazima kile kidogo kiwe na nguvu. Na hicho kikohozi alichonacho sasa usikisubirie kijiko, mpeleke zahanati wamsikilize kifua wiki hii hii, na ukimuona anapumua haraka haraka au mbavu zinaingia ndani siku hiyo hiyo usilale nyumbani.

Najua haya kwa sababu nimeyalipia. Mdogo wangu alifariki akaniachia kijana ana mwaka na nusu, hali kama ya Zai. Mimi huyu huyu ninayekushauri nilimpeleka kwa fundi, tena wawili, akachanjwa chale nikaacha kuzihesabu, akafukizwa, wa pili yeye alikuwa anavuta miguu kwa nguvu mtoto analia mpaka sauti inakata eti ananyoosha. Mwaka mzima umeenda huko. Baadae hospitali wakaniambia nyonga moja imetoka mahali pake, kwa watoto wenye mkasi wa miguu inatokea sana, nyonga zinatakiwa ziangaliwe hospitali mapema, na mimi nilikuwa busy na mbuzi. Sijui kama ningewahi ingekuwaje, lakini ile laki ningeijua matumizi mengine.

Kwahiyo la fundi nimeshakujibu. Laki 3 na nusu hiyo ni nauli ya kwenda mazoezi mara nyingi mno, na mbuzi ni maziwa au ni sare na madaftari ya mkubwa wake. Anayekwambia atamsimamisha muulize aliyemsimamisha anaitwa nani na anakaa kijiji gani, utasikia habari za mto umejaa.

Na kutembea, nisikudanganye maana umeshadanganywa vya kutosha. Wataalamu wanachotazama kwanza ni kukaa. Mtoto mwenye mtindio akiweza kukaa mwenyewe kabla ya miaka 2, wengi wao huja kutembea. Akifika miaka 4 bado hakai bila kushikwa, wanaotembea wenyewe ni wachache sana. Zai ana 3 na ushee na shingo bado, kwahiyo uwezekano mkubwa atahitaji kiti cha kumshika na baadae kitimwendo. Nimeliandika hili sentensi nikalifuta mara 2, lakini bora ulie leo kwa jambo la kweli. Maana ukiacha kusubiri miguu utaona kuna kazi nyingine nyingi zinazowezekana, shingo ikaze, akae kwa kuegemeshwa, mikono ifunguke ashike kitu, aseme anachotaka hata kama sio kwa mdomo. Kijana wangu sasa ana miaka 14, hatembei, maneno yanayoeleweka hayafiki 10, ila ukimuuliza akiangalia juu ni ndio, akifumba macho ni hapana, na siku timu yake ya mpira Namungo wakifungwa hapa nyumbani hakukaliki. Anza na Zai mapema, kila siku muoneshe vitu 2, kikombe na embe, muulize unataka kipi, subiri macho yaende wapi. Usimjibie. Mtoto ambaye hajaulizwa kitu miaka 3 atakuwa na jibu gani?

Lililompata Zai umeliandika mwenyewe, alichelewa kulia. Ubongo ukikosa hewa hata kwa muda mfupi sehemu inayoamrisha misuli inaweza kuumia, na ndo inaweza kutokea pia kwa manjano kali ya mtoto mchanga, kwa homa ya uti wa mgongo, kwa malaria iliyopanda kichwani, kwa kuzaliwa njiti. Sasa unyago umeingilia wapi hapo? Mama mkwe wako mwenyewe kacheza unyago na wanawe wamezaliwa wazima, na kama wewe ulikosea ngoma mwaka ule mbona mtoto wako wa kwanza anakimbia? Lile jeraha la kichwani haliambukizi wala haliongezeki, kinachoongezeka ni kukakamaa, viungo vinajifunga taratibu kama mlango usiofunguliwa, ndo maana mazoezi hayaishi.

Mazoezi yenyewe. Rudi Mtwara, ulizia fiziotherapia, yani hayo mazoezi ya viungo, hospitali ya Ligula, au kama hospitali ya Ndanda inakuwia rahisi ulizia huko, ila safari hii ukiingia sema hivi: nakaa mbali, nauli sina ya kila wiki, nifundishe mimi nikafanye nyumbani nirudi baada ya miezi 2. Omba ruhusa umrekodi kwa simu akionesha jinsi ya kumtanua mapaja na kumnyoosha kisigino. Na hizo za macho kupinda usiku umwambie daktari bila kuficha, inawezekana ni kifafa na watoto wengi wenye mtindio wanakuwa nacho. Ikimpata mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni wala maji, angalia saa, ikipita dakika 5 haijaacha kimbia kituoni. Ukipewa dawa za kila siku usije ukaziacha ghafla eti amepata nafuu, hapo ndo inarudi kwa hasira. Matibabu ya mtoto chini ya miaka 5 kwenye vituo vya serikali kisera ni bure, wakikuzungusha ulizia afisa ustawi wa jamii, hospitali kubwa wapo. Siku moja mambo yakikaa vizuri hospitali ya CCBRT kule Dar ni pazuri wanawafundisha kina mama, lakini usiifanye Dar kuwa sababu ya kutoanza leo.

Sasa hili la kumfungia ndani. Sikugombezi, najua shamba halisubiri na midomo ya watu ni mikali. Ila peke yake, amelala chali, na degedege linaweza kuja, hapana mwanangu, anaweza kupaliwa na mate tu. Nenda naye. Udongo wenu huko ni mchanga mtupu na huo ni utajiri. Chimba kishimo chini ya mkorosho wenye kivuli, kina cha kumfika kiunoni, tandika kanga ya zamani, mkalishe humo magoti yamekunjwa kidogo, mchanga unamshika huku na huku mikono inabaki huru. Mbele yake geuza ndoo iwe meza, weka mabibo mawili matatu achezee, yatamchafua, acha yamchafue. Dakika 10, alafu 15, ukiona kichwa kimechoka mtoe. Nyumbani boksi gumu lililokatwa upande mmoja linafanya kazi hiyo hiyo, kona ya ukuta na mito pia. Ukimbeba mgongoni hakikisha miguu imepanuka imekukumbatia kiunoni, usimfunge miguu imenyooka pamoja. Ila msimu wa kupuliza salfa, ile dawa ya mikorosho, asikaribie shamba kabisa, lile vumbi linatesa mapafu ya mkubwa sembuse yake, siku hizo aachwe na mtu. Na mtu akimsema pale njiani, wasalimie, waambie anaitwa Zai msalimieni na yeye. Wengine watanyamaza, wengine wataendelea, hao ulizaliwa ukawakuta.

Mume nitakuwa mfupi maana yeye mwenyewe kajifupisha. Ninyi huko mjomba ana sauti, muite mjomba wako akamuite na mzee wa upande wao, wakae, aulizwe mbele ya watu. Asipokuja, nenda ofisi ya ustawi wa jamii halmashauri, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amtunze mtoto, haijasema isipokuwa akiwa na mtindio. Mimi ningeomba matumizi kwanza, mapenzi atajijua. Na pale pale halmashauri ulizia ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, katika hizo 4 ni za vikundi vya wanawake na 2 za watu wenye ulemavu.

Ile sentensi yako ya mwisho, ya kuomba apumzike. Hujakufuru. Mimi nimewahi kuisema kwa sauti, usiku, nikiwa nimesimama uani, alafu nikaingia ndani nikambadilisha nguo. Anayechoka hivo ni mtu ambaye hajalala miaka 3, sio mama mbaya. Tafuta mtu mmoja tu, dada yako au mama yako, mfundishe kulisha kwa kijiko jinsi nilivyokueleza, alafu Jumamosi mchana ni zake wewe ulale, sio ufue, ulale. Na ikifika siku unaona unaweza kumdhuru yeye au kujidhuru, usiisubiri iishe yenyewe, mpe jirani mtoto uende zahanati ukamwambie nesi maneno hayo hayo.

Mkubwa wake usimsahau, mpe kazi ya kuimba wakati Zai anakula. Hawa watoto wanacheka na ndugu zao kuliko na sisi.

Anza na kijiko jioni hii. Baada ya wiki 2 niandikie, usiniambie habari za mume wala fundi, niambie zahanati wamesemaje na kikohozi cha usiku kikoje.

Shangazi, Mikindani