Damu Ikikoma, Dawa Isikome

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia: “Dada, nina miezi minne sijaona damu chooni. Nimeacha vidonge, namshukuru Mungu nimepona.” Niliusoma ujumbe ule mara tatu, kwa kuwa maneno hayohayo niliyasema mimi mwaka 2017, nikiwa nimesimama jikoni na kopo la dawa mkononi.

Ugonjwa wetu ni kolaitisi ya vidonda, uvimbe sugu ambao kinga ya mwili hushambulia ukuta wa ndani wa utumbo mpana, ukianzia kwenye puru na kupanda juu. Una ndugu yake, ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932, nao huweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Kabla sijayajua hayo nilitibiwa amiba kwa karibu miaka miwili. Kila nilipokwenda zahanati niliandikiwa Flagyl, damu ikapungua siku chache, kisha ikarudi. Katika njia ya daladala kutoka Mbagala nilijua kila msikiti na kila kituo cha mafuta chenye choo, na nguo ya akiba niliiviringisha ndani ya khanga chini ya mkoba. Nyumbani wakasema nimerogwa. Neno hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu waliolisema ndio niliowategemea wanisindikize hospitali.

Kolonoskopia, yaani kipimo cha kuingiza kamera ndani ya utumbo mpana kupitia njia ya haja kubwa, na vipande vidogo vya nyama ya utumbo vilivyopelekwa maabara, ndivyo vilivyotoa jibu. Nilianzishiwa prednisoloni na mesalazini, dawa mbili za kutuliza uvimbe wa utumbo, na baada ya wiki chache nikarudi kuwa mtu. Ndipo nikaacha vyote siku moja. Haikupita miezi mitatu nikalazwa, nikienda choo zaidi ya mara kumi kwa siku, nikaongezewa chupa mbili za damu. Daktari alinichorea utumbo kwa kalamu nyuma ya bahasha ya eksirei, akanieleza kuwa mesalazini humezwa pia wakati wa utulivu ili ugonjwa usiamke, na kuwa prednisoloni hupunguzwa kidogo kidogo, kwani tezi zilizo juu ya figo huwa zimepunguza kutengeneza homoni ya mwili inayofanana na dawa hiyo, na anayeikatisha ghafla anaweza kuzidiwa vibaya.

Kwa hiyo ndugu zangu, mezeni dawa hata siku mnapojisikia wazima. Mezeni mkiwa safarini, mezeni mkiwa msibani. Msinunue diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kwa ajili ya mgongo bila kumwuliza daktari, kwa sababu dawa za jamii hiyo zaweza kuuamsha ugonjwa. Maharage na pilipili mimi huviacha utumbo unapochafuka na kuvirudia ukitulia, lakini sijaona chakula kilichoniponya, na anayewauzia unga wa mizizi kwa sharti la kuacha dawa za hospitali anacheza na maisha yenu. Tena, ikifika miaka 8 hivi tangu dalili zianze, ulizeni kuhusu kolonoskopia ya kutafuta dalili za saratani, hata kama hakuna kinachouma.

Kijana yule nilimjibu arudi kliniki wiki hii, kabla damu haijarudi. Jana usiku akaniandikia kuwa nauli anayo, ila anaogopa kumwambia daktari kwamba aliacha dawa. Nikamwambia nami niliogopa hilohilo, na daktari wangu hakunigombeza. Alifungua faili, akaniuliza niliacha tarehe ngapi, akaanza kuandika.